Mama Hakiki na Sauti Iliyokataa Kutulia

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, familia inaomba mtulie kidogo tuwasomee maisha ya mama yetu, dada yetu na shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Hakiki, na tutasoma polepole, maana angekuwepo mwenyewe angekwisha kusimama mara mbili kuuliza kama kipaza sauti kimefungwa sawasawa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi saa na mkunga, na wadogo zake wanasimulia kwamba tangu utotoni alikuwa mtu wa wasiwasi, wa kurudi kutoka nusu ya njia kutazama kama jiko limezimwa, na wa kuwarudisha wenzake pia, wapende wasipende.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1979, kisha akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme wa redio, darasa ambalo msichana alikuwa yeye peke yake, na mwaka 1983 akatoka na cheti chake, pamoja na tabia ambayo haikumtoka tena, ya kutoamini kwamba kitu kimepona mpaka akiharibu makusudi na kukitengeneza upya.

Tarehe 2 Januari 1984 aliajiriwa katika karakana ya kituo cha redio, na miaka miwili baadaye akahamia ukumbi wa maigizo, ambako alikabidhiwa sintesaiza ya vipande, mtambo ambao wageni waliuita kabati la simu, kwa kuwa hauna vibao vya kupiga kama kinanda, bali una vitufe vya kuzungusha na matundu ya kuchomeka nyaya, kipande kimoja kikizaa sauti, kingine kikiiyumbisha, kingine kikiikata, na humo ndani marehemu alitoa upepo, ving'ora na mapigo ya moyo wa mgonjwa, na mvua ambayo inasemekana ilimfanya mtazamaji mmoja afungue mwavuli akiwa kitini, habari ambayo marehemu aliikana maisha yake yote bila kukasirika hata kidogo.

Tarehe 10 Septemba 1988 alifunga ndoa na fundi cherehani wa ukumbi huohuo, ambaye alikuwa amemwona akirudi mara kwa mara kutazama kama pasi ya chumba cha mavazi imechomolewa, akajisemea kwamba mwanamke huyu hataniunguzia nyumba, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti ambaye ni mwalimu, na mwana ambaye ni dereva wa lori, aliyekuwa akipigiwa simu na mama yake kila anapowasha gari na kila anapolizima. Ukumbi ulipofungwa mwaka 2017, uongozi ulimzawadia marehemu ule mtambo, ukawekwa chumba cha mbele, na makochi yakahamia barazani.

Februari 2021 sauti ya mtambo ilianza kuyumba. Marehemu alitaka sauti moja tu iliyonyooka, lakini kila alipoitafuta ilitetemeka, kana kwamba imeunganishwa na kipande cha kuyumbisha, ilhali waya wa kipande hicho ulikuwa mezani mbele ya macho yake, basi akachomoa nyaya zote, akabadilisha osileta, yaani kile kipande kinachozaa sauti, na mpya nayo ikayumba, akaushuku umeme wa nyumba, akazima friji, akaenda kumwomba jirani naye azime ya kwake, jirani akazima, na maziwa yake yakaharibika. Kosa lake lilikuwa moja, na ni kosa la mtu mwoga, kwamba hakuwa akiachia kitufe anaposikiliza, akisema sauti ukiiacha peke yake itakutoroka.

Baba ndiye aliyeona kwanza, kwa sababu alikuwa amekwisha kukisikia kikombe cha chai kikigonga kisahani mkononi mwa mkewe, akakaa na hofu hiyo mpaka siku moja alipomwambia, "Mama watoto, ukienda jikoni inanyooka," naye akajibu, "Basi inaniogopa." Baba akamwomba aachie kitufe, akaachia, sauti ikanyooka, na marehemu akautazama mkono wake, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akacheka, halafu akalia, na baba akalia naye.

Juni mwaka huo madaktari walithibitisha kwamba ni maradhi ya neva, yasiyo na tiba ya kuyamaliza, na tunaomba tuseme wazi kwamba kilichomtisha mama si kufa, bali kuiacha sauti ile bila kunyooka, kwa kuwa mkono wake haukuweza tena kuiweka mahali pake, akawa anauliza kila aliyeingia, "Nani atainyoosha?" Jibu likawa baba, ambaye kwa miaka mingi hakuruhusiwa hata kuufuta mtambo ule vumbi, akaketi na mikono yake ya cherehani, mama akimwelekeza kutoka kitandani, "Pandisha, umepita, rudi, uzi mmoja tu, mume wangu, uzi mmoja," na mara nyingi wakagombana na kununiana, mpaka tarehe 3 Novemba 2025, mama alipomwambia aachie mkono, akaachia, wakasikiliza wote wawili, na mama akalala usingizi bila kuuliza lolote. Siku zilizofuata alibanwa na homa ya mapafu, akalazwa, na tarehe 9 Novemba, asubuhi, akatutoka, mumewe na binti yake wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa redio na wa ukumbi, na majirani wote, hususan yule wa maziwa, ambaye hakudai hata neno la samahani.

Tuna ombi moja. Mtambo ungali unawaka chumba cha mbele tangu ile tarehe 3, kwa maana vipande vyake vikipoa sauti huweza kuhama, na baba anaogopa kwamba ikihama hataweza kuirudisha bila sikio la mama, kwa hiyo atakayetaka kuchaji simu tafadhali asiuguse waya mweupe ukutani, na mkimwona baba akiinuka katikati ya ibada hii kwenda ndani, mpisheni, anakwenda kusikiliza.

Mama, bado imenyooka. Pumzika kwa amani, kuogopa tuachie sisi.