Ndugu Ngoitiko na Ndama Wasio na Baba

Tarehe 30 Juni 1988 Ndugu Ngoitiko Tobiko anastaafu, baada ya miaka kumi na saba ya kutunza kumbukumbu za ng'ombe katika kituo chetu cha utafiti hapa Karatu. Wafanyakazi wameniomba mimi, mkuu wa kituo wa zamani, niandike wasifu wake. Daktari amenishauri nisiahirishe mambo, kwa hiyo nitaandika yote.

Alianza kazi mwaka 1971. Wafadhili walitaka kujua jinsi urithi unavyojenga sifa kama wingi wa maziwa na uvumilivu wa kiu, sifa ambazo hazitokani na chembe moja ya urithi bali nyingi kwa pamoja. Ilibidi tujue mama na baba wa kila ndama. Ngoitiko alitembea na mifugo hadi Olbalbal na kurudi, daftari kwapani.

Mwaka 1974 ndama alitafuna daftari hilo. Ngoitiko akasimama ofisini akataja kundi zima kwa kichwa, kila ng'ombe na mama yake na bibi yake, mpaka mpiga chapa wetu Cresensia akamsihi aishie kwa mama.

Kiangazi cha 1976 kilikausha visima vyote isipokuwa kimoja, na makundi ya maboma mengi yakachanganyika hapo. Ndama waliozaliwa mwaka uliofuata, Ngoitiko hakuwaandikia baba. Nilipomuuliza, alijibu: "Mzee, mama zao nawajua kwa majina. Baba zao kawaulize kisimani."

Ofisi nzima ilicheka. Mimi niliogopa. Bila baba hakuna utafiti, na bila utafiti wafadhili wangefunga kituo. Nikajifungia, nikajaza nafasi zile kwa mkono wangu: kila ndama nikampa dume la boma lake.

Mwaka 1979 mkaguzi wa wafadhili alipima damu ya ndama na madume. Ndama wengi hawakulingana na baba niliowapa. Akauliza nani ameandika. Nikasema ni karani wa kumbukumbu. Ngoitiko alikuwa mlangoni ameshika sanduku la chupa za damu. Alinitazama, akaliweka mezani taratibu, akatoka.

Alipewa barua ya onyo na hakupandishwa cheo tena. Miaka mitano iliyofuata, hadi nilipostaafu, kila alipofungua kinywa kikaoni nilingoja aniumbue. Aliongea habari za kupe na chanjo tu.

Jana nimemwandikia mwajiri nikikiri, nikaomba barua ile ifutwe. Sijui kama itatosha. Wasifu huu utasomwa yeye akiwa ameketi mbele na mkewe Nareyu na watoto walioamini kwamba baba yao alikosea. Hilo naliogopa kuliko kifo.

Ndugu Ngoitiko, ulichoandika kilikuwa kweli. Asante kwa kazi yako. Nakutakia wewe na nyumba yako afya, mvua za wakati wake na uzee wa raha. Msamaha siombi mbele ya watu, usije ukalazimika kunipa.

Bartolomeo Tluway