Mtungi Uliovaa Sweta

Baridi ya Julai huku Bahati, juu ya Nakuru, haina huruma. Wasike, mchukuzi wa maziwa kwa baiskeli, aliketi kijiweni akikumbatia kikombe cha kahawa kwa mikono miwili bila kukihisi. Jana vidole viligoma kushika breki, akaishia mtaroni. Leo mteremko ni uleule, na kule chini mjini, mtaa wa Milimani, watu wanangoja maziwa. Aliogopa, na hakuona haya kusema.

— Nikianguka tena naacha hii kazi. Narudi Bungoma.

— Hauendi mahali, alisema Njuguna, aitwaye Injinia tangu atengeneze redio ikalia siku nzima. Weka gazeti kwa kifua. Upepo haipiti gazeti.

— Shida si kifua, Injinia. Ni vidole.

— Paka pilipili, alidakia Achola, Daktari wa kijiwe, kwa kuwa aliwahi kufagia kliniki. Damu itakimbia yenyewe.

— Halafu nijipanguze macho nikishuka?

— Usijipanguze, boss.

— Achana na pilipili, Injinia akasema. Tufunge dainamo ya taa. Waya moja kila kidole. Ukikanyaga pedali, unapata moto.

— Achomeke kama soseji? Daktari akang'aka. Afadhali jogoo. Jogoo ni moto sana. Unamweka ndani ya jaketi, mikono chini ya mabawa.

— Na breki itashikwa na nani? Wasike akauliza.

— Jogoo.

Wasike alicheka mpaka kahawa ikammwagikia vidoleni. Ndipo alipohisi joto mara ya kwanza asubuhi ile.

Jemutai, aliyehamia mtaani juzi, alikuwa amekuja kununua kahawa. Akaitazama baiskeli. Mtungi wa maziwa ulikuwa umevikwa sweta zito la sufu, mikono yake ikining'inia. Ndivyo wafanyavyo wachukuzi wote wa pale, maana wateja wa Milimani hutaka maziwa yafike na joto la ng'ombe.

— Kwani hapa ni mtungi ndio huskia baridi?

Injinia alimtazama Daktari. Daktari alitazama kahawa yake.

Wasike aliazima kisu, akaikata mikono ya sweta, akaichomeka kwenye usukani, mmoja kila upande, breki zikiwa ndani. Mtungi ukabaki na kizibao. Akaingiza mikono, akaminya breki, akaachia, akaminya tena. Vidole vilitii.

— Niwekeeni kahawa, alisema. Nitarudi kuinywa.

Akashika mteremko.