Nafuta Ushuhuda Wangu wa Choo cha Ndani

Bwana asifiwe, wapendwa wangu wa Mitwero! Itikeni, lakini leo msinipigie makofi. Mimi Mama Upendo, kiongozi wenu wa maombi, nimesimama hapa kufuta ushuhuda. Ule nilioutoa kabla ya masika, mkanishangilia mpaka benchi la nyuma likavunjika, ulikuwa wa uongo. Nasema kwa aibu, na aibu hii ni halali yangu.

Ndugu zangu, mnakijua choo changu cha zamani, kile cha nje cha makuti. Binti yangu Upendo alipopata mchumba, nikasikia upande wa mume wanatoka Dar kuleta posa. Kiburi kikanipanda! Watu wa mjini waje wachuchumae kwenye makuti yangu? Nikaamua stoo ya ndani igeuzwe bafu na choo cha kukaa, vigae mpaka kifuani.

Fundi aliniambia vizuri kabisa kwamba tunachimba shimo jipya la maji taka, kwa hiyo lazima nipeleke mchoro halmashauri, nipate kibali, na bwana afya aje aone shimo linakaa wapi. Nikamjibu nyumba ni yangu na haja ni yangu, kibali cha nini? Lakini ukweli ni kwamba nilijua wangeniambia nichimbe mbele, karibu na baraza, wageni walione. Nilitaka shimo lijifiche nyuma. Na nyuma, hatua nane tu, ndipo kilipo kisima cha jirani yangu, Bi Somoe. Anakunywa humo, anapikia humo, anatawadhia humo. Hatua zile nilizihesabu mwenyewe, ndugu zangu. Nilijua!

Bwana afya akaja, mtu mpole, akanionyesha kisima, akapiga X nyekundu ukutani na kuandika SIMAMISHA. Sikusimamisha. Nilikuja hapa kanisani nikawaambia kuna mtu wa serikali ananipiga vita kwa ajili ya wokovu wangu. Mkafunga siku tatu! Mama mmoja hapa ana vidonda vya tumbo, naye alifunga kwa ajili ya choo changu. Baada ya wiki mbili bwana afya akahamishwa, nami nikapanda hapa nikatangaza kwamba Mungu amemng'oa adui. Nikaipaka X chokaa. Posa ikaja, wageni wakavisifu vigae, nikavimba kichwa.

Masika yakaingia. Maji ya kisima yakaanza kunuka. Bi Somoe akaanza kuharisha, akadhoofika hadi akalazwa, akarudi nyumbani hawezi hata kukaa. Mimi nikampelekea uji! Nilimtia sumu kwa nyuma, nikaja na sufuria kwa mbele.

Nikamkuta kitandani. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya chini, halafu akanishika mkono.

"Mwanangu, wewe mtu wa maombi. Hebu niombee kisima changu. Sijui nimemkosea nini Mungu."

Wapendwa, nilifungua kinywa, halikutoka neno. Mimi ninayeomba mpaka sauti inakauka! Nilihisi Bwana ananishika shingo, na nilijua nisipokiri pale, sitapona milele. Nikapiga magoti sakafuni, nikamwambia yote: shimo, hatua nane, bwana afya, mfungo wenu. Bi Somoe akauachia mkono wangu. Akajifunika uso kwa khanga.

Asubuhi nilikwenda mwenyewe ofisi ya halmashauri. Nilitegemea matusi, nikapewa fomu. Choo kilifungwa, shimo likanyonywa na kufukiwa, na nikaagizwa kuchimba lingine mbele, pale pale nilipopakimbia. Kibali ninacho, kina muhuri. Karatasi moja tu, ndugu zangu, ndiyo niliyowafungisha watu siku tatu ili niikwepe!

Nikampigia simu pia yule bwana afya, nimwombe radhi kwa kumwita adui na kumwombea aondolewe. Akacheka. "Mama, mimi uhamisho niliuomba mwenyewe. Nilikuwa namfuata mke wangu." Haya! Na sisi tulikesha tukikemea.

Sasa namshukuru Mungu, kwa kuwa amenitoa kwenye uongo ambao nisingetoka humo kwa miguu yangu. Niwieni radhi kwa mfungo ule. Uongozi wa maombi naurudisha leo kwa mchungaji. Na wewe unayeficha jambo na kuliita vita vya kiroho, mwamini Yesu, umwambie ukweli wake wote. Hatakutupa, mimi hakunitupa. Kisha nenda kwa uliyemwumiza, ukasimame mbele yake.

Bi Somoe anapata nafuu, lakini kisima bado kimefungwa, kimetiwa dawa, na wataalamu hawajasema lini kitafunguliwa. Kila asubuhi nampelekea ndoo mbili kutoka bombani. Nasema shikamoo, anaitika marahaba, anageukia ukutani. Simlaumu. Bwana amenisamehe, naamini. Yeye bado, na maji yake yataendelea kuja. Anayetaka kumshukuru Mungu pamoja nami, baada ya ibada aje na ndoo. Amina.