Kompyuta ya Kanisa Inajikokota

Basi la mjini Apia likijaa, watu hupakatana. Nami nilikuwa nimempakata mzee nisiyemjua, masikio tu ndiyo yalikuwa huru. Mama Sinapati, katibu wa kwaya, alikuwa akimlilia fundi Kolone: "Kompyuta ya kanisa inajikokota. Nimebonyeza kitufe cha kujirekebisha mara tatu, wapi. Nyimbo zote zimo humo, na Jumapili tunaimba."

Kolone akauliza inakaa wapi. "Mezani, nimeifunika kitambaa nilichofuma mwenyewe."

"Hata ukiwa umeiwasha?"

"Sasa chombo cha kanisa kikae uchi mbele ya mchungaji?"

"Mama, inakosa hewa. Inachemka."

Basi likasimama. Mama Sinapati akajipangusa jasho, akainuka kushuka. "Humu sote tunachemka, mwanangu, na hakuna aliyevua nguo."