Elius Mwalongo, Aliyewafundisha Vijana wa Makambako Kushika Usukani

Mchungaji wetu, wazee wa usharika, shemeji yangu Esnath, ndugu na majirani, na ninyi vijana wa bodaboda mliosimama kule uani kwenye pikipiki zenu mkidhani siwaoni, nawasalimu kwa salamu ya kwetu, kamwene. Mimi ni Hezekia Mwalongo, mdogo wa marehemu wa kufuatana naye, na ukoo umenipa kazi hii ingawa shule yangu iliishia darasa la tano, kwa sababu haya nitakayosoma sikuhadithiwa na mtu, niliyaona yote kwa macho yangu haya mawili, tangu mwanzo hadi mwisho.

Marehemu Elius Mwalongo alizaliwa tarehe 14 Mei 1965 Mjimwema, Njombe, wakati huo Mjimwema ikiwa mashamba ya mahindi na miti ya miwati, na siku hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mkunga aliingia nyumba ya jirani akaanza kuchemsha maji ya watu ambao hawakuwa na mjamzito. Atakayeuliza niliuonaje ukungu huo wakati mimi nimezaliwa mwaka 1968, ajue kwamba mama alitusimulia mara nyingi hadi mimi nikawa nasikia baridi yake.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Njombe kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, mimi nikimfuata nyuma asubuhi za mwezi wa sita, nyasi zimeganda barafu, miguu yetu peku, naye akisukuma gari lake la waya. Magari ya waya tulikuwa nayo watoto wote, lakini lenye breki lilikuwa lake peke yake, kipande cha ndala alichokifunga kwa kamba kikawa kinabana tairi la nyuma, na tulipokuwa tukishuka mteremko wa kwenda mtoni sisi wengine magari yetu yaliishia kwenye maji, la Elius likasimama juu ya ukingo, akatuangalia tukiingia mtoni kuyatafuta, hakucheka.

Mwaka 1983 alianza kazi ya utingo kwenye lori la mbao na viazi, kutoka Njombe kwenda Dar es Salaam, akawa miaka minne ni mtu wa kufunga turubai na kuweka jiwe nyuma ya tairi kabla mwenye lori hajamruhusu kugusa usukani, jambo ambalo vijana wa leo mkilisikia mnaona kama mateso, na mwaka 1987 akapata leseni, akalishika lori kwa miaka ishirini na minane bila kuua hata kuku. Kulikuwa na bata mmoja wa Ilula, lakini huyo nilimwona, alijitakia mwenyewe. Nilishuka naye mteremko wa Kitonga mara moja, na anayesema nilifumba macho ni mwongo, nilikuwa nasali.

Tarehe 3 Oktoba 1992 alifunga ndoa na Esnath, binti wa hapa Makambako, ambaye mwanzoni alikuwa akimsalimia kwa honi kila lori lilipopita, mpaka mzee wa binti akatoka barabarani akamsimamisha na kumwambia, "Kijana, honi haiposi mke, shuka uje kwa miguu," naye akashuka, akaja kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Mungu akawajalia watoto wawili, Nelly aliyezaliwa mwaka 1993, na Edson aliyezaliwa mwaka 1996.

Ndugu waombolezaji, hapa nasoma polepole. Jumamosi ya tarehe 12 Septemba 2015, vijana walikuwa wanamsindikiza rafiki yao kutoka hapa Makambako kwenda kuzikwa Njombe, kwa desturi ile tunayoijua wote, pikipiki mbele ya jeneza na nyuma ya jeneza, honi bila kupumzika, huyu amesimama juu ya kiti, yule amebeba wawili, na Edson wetu alikuwa katikati yao, umri wake miaka kumi na tisa, pikipiki ameifundishwa mchana mmoja na mwenzake ambaye naye alifundishwa mchana mmoja. Kwenye kona alitaka kulipita gari la jeneza, na upande wake wa barabara hakurudi tena, tukamzika naye.

Kaka aliegesha lori wiki hiyo hiyo. Januari 2016 alianza kufundisha vijana udereva kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba hii, kwa pikapu yake ya zamani, na wiki mbili za kwanza mwanafunzi hakupewa ufunguo, alitembezwa kwa miguu kandokando ya lami, akionyeshwa alama, akiulizwa yule mama mwenye ndoo anaona gari au haoni, yule mtoto anakimbilia mpira atasimama au hatasimama. Vijana walimwita Konokono, wakimpita wanapiga kelele, "Konokono, Njombe utafika lini?" naye akiwajibu bila kugeuka, "Konokono hajawahi kurudishwa nyumbani kwa machela." Akimaliza kuwafundisha, aliwapeleka kufanya mtihani wa leseni wa serikali, lakini kabla ya huo alikuwa na mtihani wake, nao ulikuwa mmoja tu, mwanafunzi ampakie mama yake mzazi kiti cha mbele, amwendeshe kutoka Makambako hadi Njombe, mama akisinzia mtoto amefaulu.

Hilario, wewe ambaye leo ni mwenyekiti wa bodaboda, nitakusema. Mara ya kwanza mama yako Scholastica alikuonea huruma, akajifanya amelala kabla hata ya kutoka mjini, akakoroma kabisa, na mwalimu akamwambia, "Mama, mtu aliyelala hashiki mlango kwa mikono miwili," ukarudishwa uwanjani wiki tatu. Mara ya pili alilala kweli, mlipofika stendi ya Njombe akaamka akauliza mbona hatuondoki. Nilikuwa nyuma ya pikapu siku hiyo, nilimwona kaka, aliyebanana nao kule mbele, akigeuzia uso dirisha la upande wake.

Kuanzia mwaka 2019 marehemu alisumbuliwa na kisukari, mwaka 2023 mguu wa kushoto ukamkataa kukanyaga klachi, akafundisha akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki uwanjani na fimbo yake, mpaka mwezi uliopita alipozidiwa na kulazwa Njombe, na akafariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sitini.

Jumapili kabla ya kufariki, mimi nikiwa peke yangu kando ya kitanda chake, alinishika mkono akasema, "Hezekia, vijana wakinisindikiza, wapange mstari mmoja nyuma ya gari, kila mtu na kofia yake ngumu, honi kimya, na asiye na leseni ampe Nelly ufunguo, apande basi pamoja na wanakwaya." Nayasoma haya kwa sababu leo asubuhi nilisikia wengine mkisema kule kwenye moto kwamba Mwalimu mtampeleka Njombe mpaka lami ishike moto, na shemeji Esnath naye amewasikia mkivuta mafuta pikipiki zikinguruma, hajanywa hata uji, amemwambia Nelly kwamba kama safari ni ya namna ile ya mwaka 2015, yeye hapandi gari, mume wake azikwe bila yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Makambako mliokesha nasi kwenye baridi hii, madereva wenzake wa malori mlioegesha mizigo ya watu ili mje, usharika na kwaya, na akina mama wote mliowahi kukalia kile kiti cha mbele.

Nilitaka kuishia hapo, lakini jeneza liko mbele yangu na Mchungaji yuko pembeni. Yale maneno ya hospitalini niliyatunga mimi. Jumapili ile kaka alikuwa hawezi tena kusema, alinitazama tu. Maneno ni ya shemeji Esnath, aliyomwambia Nelly leo asubuhi jikoni, nami nikayatia kinywani mwa marehemu nikidhani mtamheshimu yeye kuliko mjane wake. Sasa mnajua aliyeyasema yuko hai, amekaa pale, na gari halitaondoka mpaka apande. Nelly amesimama mlangoni, anangoja funguo.

Pumzika, kaka Elius, barabara tumebaki nayo sisi.