Mama Adhel Malith, Binti wa Kisiwa cha Pankuei (1953–2025)

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na Chepkirui, mke wa Wal, kwa niaba ya familia. Makaburi ya Kakuma, Jumamosi, tarehe 22 Machi 2025.

Ndugu waombolezaji, katika miaka yote aliyoishi ugenini, Mama Adhel aliomba jambo moja tu: siku yake ikifika azikwe Pankuei, kando ya mumewe. Leo tumesimama Kakuma. Wengi wenu mmetuuliza kwa nini, na wengine mmeuliza kwa ukali. Mkinivumilia kidogo, nitawaeleza.

Mama Adhel alizaliwa mwaka 1953 katika kisiwa cha Pankuei, ndani ya vinamasi vya Mto Nile, safari ya siku nzima kwa mtumbwi kutoka Bor. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari, lakini hiyo alipewa na karani aliyekuwa na haraka zake. Mama yake alimwambia kwamba alizaliwa wakati maji yalipoanza kushuka. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Malith, aliyekuwa mvuvi.

Mimi sijawahi kufika Pankuei, ila naweza kuwatembeza huko nikiwa nimefumba macho, kwa jinsi alivyonisimulia. Kaskazini waliishi wavuvi. Katikati palikuwa na kanisa la nyasi na makaburi. Kusini, ardhi ilikoinama, walilima mtama. Pande zote kulikuwa na mafunjo yaliyompita mtu kimo, na njaa ilipobisha hodi watu walikula mbegu za yungiyungi. Ardhi yenyewe waliiinua kwa mikono yao. Sheria ya kisiwa ilikuwa kwamba hakuna anayeshuka mtumbwini mikono mitupu. Awe mwenyeji, mchungaji au mkwe, kila mtu alikuja na udongo wa bara, akaumwaga, ndipo akasalimiwa. Na mtu alipofariki, kaburi lake liliinuliwa vivyo hivyo, kila mwombolezaji na kikapu chake. Usiku watu wa Pankuei waliagana kwa kuambiana, "Lala pakavu."

Alisoma shule ya misheni huko Bor kwa muda mfupi tu. Mafuriko makubwa ya mwaka 1961 yalipokuja, baba yake alimrudisha nyumbani, kwa kuwa kila mwenye mikono alihitajika kubeba udongo. Alikuwa na miaka minane. Visiwa vya jirani vilizama, Pankuei ikabaki. Hakurudi tena shuleni, lakini Biblia ya Kijieng, lugha ya kwao, aliisoma mpaka macho yalipochoka.

Mwaka 1974 aliolewa na marehemu Kong Wal, mchonga mitumbwi kutoka bara. Hapa lazima niseme ukweli, hata kama shemeji zangu watanitazama vibaya. Siku ya kuposa, Kong alifika na wazee wake na habari za ng'ombe wazuri, lakini hakuwa na udongo. Mzee Malith alimwambia abaki palepale mtumbwini. Ujumbe mzima ukageuza, ukapiga kasia hadi bara, na bwana harusi mtarajiwa akachimba kwa mikono huku suti yake ya kuazima ikilowa. Mama Adhel alikuwa akichungulia kutoka kwenye mafunjo. Alisema ndipo alipompenda.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Wal, Apajok na Adau. Kong alifariki kwa homa mwaka 1990, na Mama Adhel akaubeba udongo wa kaburi lake mpaka mabega yakachubuka. Mwaka uliofuata vita viliwafikia. Watu wote wa Pankuei waliondoka, na Adau, aliyekuwa na miaka mitatu, alifia njiani. Kuhusu Adau, Mama Adhel hakuwahi kusimulia zaidi ya hapo, nami sitaongeza.

Walifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1992. Wiki ya kwanza tu, katika nchi hii ya jua na vumbi, Mama alianza kuinua sakafu ya nyumba yake. Jirani yake, Mama Losike, aliyekuwa akimletea makaa, alisimama akamtazama. "Mama, sisi hapa tunatafuta maji. Wewe nakimbia maji gani?" Kila mgeni aliyekuja aliombwa udongo. Watu walizoea, wakaja na mabeseni, na kiwanja chake kikapanda mpaka kikaitwa Kisiwani. Mwaka mmoja lagga ya Tarach, mto wa msimu unaopita kambini, ilifurika kweli, watoto wakashangilia kwamba sasa Mama ataonekana alikuwa sahihi. Maji yalipita upande mwingine kabisa. Nadhani alisikitika kidogo.

Riziki yake ilitoka kwenye samaki wakavu aliowaagiza Kalokol na kuwauza sokoni kambini. Jumapili alifundisha watoto kanisani, na baada ya somo la Biblia aliwafinyangisha Pankuei kwa mchanga wenye maji: hapa wavuvi, hapa kanisa, hapa mtama. Wako vijana mbele yangu waliozaliwa Kakuma, hawajawahi kuona mafunjo, na bado wanajua nyumba ya nani ilikuwa upande gani.

Mimi nilipelekwa kutambulishwa kwake mwaka 2009. Nilitoka Lodwar na sukari, kitenge, na hofu yangu ya Kikalenjin. Alinitazama mikononi, akauliza, "Udongo uko wapi?" Wal, ambaye alilijua hilo tangu akiwa mdogo, alikuwa amesahau kuniambia. Nilitoka nje na viatu vyangu vya harusini, nikajaza beseni, nikamwaga. Akanikumbatia, akanisimulia habari ya suti ya Kong. Usiku tulipokwenda kulala, jasho likitutiririka, alituambia, "Laleni pakavu." Nilicheka. Siku hizi nawaambia wanangu hivyo hivyo.

Oktoba 2020, mdogo wake, Mzee Akuei, alipiga simu kutoka Bor.

"Dada, maji yamechukua Pankuei."

"Hata kanisa?"

"Hata kanisa."

"Na kwa Kong?"

Mama alirudisha simu kwa Apajok, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo hakumwomba mtu udongo. Wageni waliingia mikono mitupu, akawapa chai. Majirani walidhani umri umempunguza ukali. Sisi wa nyumbani tuliumia kumwona hivyo. Siku moja aliniambia, "Ile sitini na moja tulikuwepo. Safari hii tulikuwa tumeondoka sote. Nani angebeba?"

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa, tukamhamishia kwetu Lodwar ili awe karibu na hospitali. Tunawashukuru wauguzi waliomsafisha damu kwa uvumilivu, na waumini waliotoka hata Lorugum kuja kumwombea. Alidhoofika, akaacha kusoma, akaacha hata kuwagombeza wajukuu. Mwezi Februari mwaka huu, Mama Losike alipanda gari kutoka Kakuma kuja kumwona. Aliingia chumbani na mfuko wa plastiki, akauweka kitandani, akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Mama Wal. Mimi naleta udongo."

Mama alifumba macho.

"Ni ya kwako, ya Kisiwani. Miaka yote umesumbua watu na udongo. Sasa tumeleta, wewe nalala tu?"

Mama alitumbukiza mkono mfukoni, akaufinya ule udongo. Alilia kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Tulilia sote, Mama Losike akilia na kututukana kwa Kiturkana. Alipotulia, Mama alimwita Wal, akasema, "Nizikeni Kakuma. Lakini mniinue."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, Apajok akiwa amemshika mkono.

Mzee Akuei hakukubali upesi. Alitaka tumpeleke Bor, azikwe ukingoni ayaone maji ya kwao. Wal alimrudia kwenye simu maneno ya mama yake, neno kwa neno. Mzee akasema, "Basi ningojeni." Ameketi pale mbele. Gunia lililo miguuni pake ni udongo wa ukingo wa Bor, pale mitumbwi ya Pankuei ilipokuwa ikipakia. Amelibeba kwenye mabasi, na mpakani ameulizwa maswali mengi.

Mama Adhel amewaacha watoto wawili, Wal na Apajok. Mdogo wake, Mzee Akuei. Mkaza-mwana mmoja, ambaye ni mimi. Wajukuu watatu, mkubwa wao akiitwa Adhel. Jirani yake, Mama Losike. Na watoto wote aliowafundisha Pankuei ilivyokaa.

Mzee Akuei atatangulia na gunia lake, Mama Losike atamfuata, kisha sisi wengine. Nimewaona waliotoka Katilu na Kalokol wamekuja na udongo wa kwao. Waliokuja mikono mitupu, mabeseni yako kando ya hema. Yeye asingewaruhusu kupita, nasi hatutawaruhusu. Leo tupo, Mama. Tutabeba.

Lala pakavu.