Nani Kamnyima Nevenka Ruzuku?

Hebu niambie, halmashauri inamjuaje maskini? Ya kwetu humtuma mtu nyumbani akatazame. Wiki iliyopita mama mmoja alikwenda kwa mzee Velimir, akatazama, na mjukuu wa mzee, Nevenka, akanyimwa ruzuku. Binti ndiyo kwanza ameanza chuo cha uuguzi mjini Užice. Bila hela hiyo hana pa kulala huko, na Jumatatu atarudi kiwandani kufungasha rasiberi. Rufaa mwisho leo. Basi tangu asubuhi benchi la mbele ya duka la Ljubinka limekuwa mahakama, na Velimir mwenyewe yupo pembeni, anakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Siasa hiyo, akasema Waziri, ambaye hajawahi kushika cheo zaidi ya kona ya benchi letu. Velimir alimpigia kura nani? Haba na haba hujaza kibaba.

— Haba gani, bwana wee? Gavra Redio akamkata. Ni setilaiti. Zinapiga picha mapaa. Paa la Velimir jekundu, wamesoma utajiri.

— Lile ni kutu, Waziri akasema.

— Setilaiti itajuaje kutu?

— Nyie watoto wadogo, Ljubinka akasema akimimina kahawa. Ruzuku hiyo imemnunulia mtu farasi.

— Mtu gani?

— Akipita hapa nitakuonyesha. Penye wazee haliharibiki neno.

Nilitaka kuwauliza kama wanasikia wanayoyasema. Akatokea Nevenka, amekuja kununua mkate.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Nina swali. Siku ile nilikuwa chuoni. Yule mama alipoingia kwetu, aliona nini?

Waziri akatazama juu, labda akitafuta setilaiti. Ljubinka akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi. Hata mimi na digrii yangu ya ualimu niliona heri nichungulie kikombe.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Gavra akanong'ona.

Velimir akainuka, akavaa kofia.

— Chukua koti lako. Twende halmashauri kabla hawajafunga. Nitawaeleza mwenyewe.

— Utawaeleza nini, babu?

— Kwamba lile paja zima la nguruwe la kukausha lilikuwa la Waziri. Zulia la Gavra. Chupa ya pombe ya rakija ya Ljubinka. Bilauri za huyu mwalimu hapa. Nilipita nyumba hadi nyumba nikiazima, mwanangu. Mgeni aingie kwangu akute meza tupu? Nife kwanza.

— Lakini babu, si alikuja kutazama hiyo meza tupu?

— Ndiyo.

— Na hukumwambia kuwa ni vya kuazima?

Mzee akavua tena kofia, akaishika kwa mikono miwili.

— Nilimwambia, kula, mama, usione haya. Kwetu ndivyo tunavyokula kila siku.